Alama ya Kidole Kwenye Grisi

Shule ilipofungwa saa tisa, Spana hakupitia nyumbani. Alizunguka ukuta wa shule, akavuka mtaro kwa ubao, akaingia kwenye karakana ya pampu na injini ndogo ambayo baba yake na shangazi yake waliianzisha pamoja. Mlangoni alivua viatu vya shule, akavaa ndala, akafunga kitambaa kichwani na kuchukua ufagio. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kufagia. Ya pili, kuokota nati zilizokimbilia chini ya meza. Akimaliza, aligeuza kreti tupu na kufanya hesabu za shule juu yake.

Jina la Spana alipewa na baba yake alipokuwa na miaka minne, kwa sababu hata akitumwa bisibisi alileta spana. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili na anazijua spana zote kwa namba zake. Lakini aliyempa jina hakuwapo tena. Walikuwa wamemzika wiki sita zilizopita.

Nyumbani mama alikuwa amefua mashati yote ya marehemu, akayapiga pasi na kuyagawa kwa ndugu. Hakufanya hivyo kwa ubaya. Alisema hawezi kuyaona yamening'inia kila anapofungua kabati. Spana alinusa shati la mwisho kabla halijatoka mlangoni, na lilinukia sabuni tu.

Kwenye karakana ile kulikuwa na mtindo wao wenyewe wa kazi. Fundi akifungua mashine, alitandika shuka kuukuu mezani na kupanga vipande kwa mfuatano aliovitoa, kutoka kushoto kwenda kulia. Mtu mwingine haruhusiwi kugusa, maana aliyefungua ndiye anayejua kipi kinatangulia. Baba alikuwa amefungua pampu ya zahanati siku ya Jumanne. Alipofikia kipande cha mwisho alishika kifua, akaketi kwenye kreti, akaomba maji. Walimpeleka hospitali, naye hakurudi. Vipande vyake vilibaki juu ya meza ya nyuma, vimefunikwa kwa shuka nyingine, na shangazi akawa anafagia kuizunguka meza ile kama vile kuna mtu amelala pale.

Mtu wa tatu pale karakana alikuwa Babu Brashi. Hakuwa babu wa damu. Alikuwa mzee mwembamba aliyeosha vyuma kwa brashi na mafuta ya taa tangu baba yake Spana hajaoa. Ngozi ya vidole vyake ilikuwa imepasukapasuka, na kila asubuhi alikohoa kwanza ndipo akaitikia salamu. Kwa ajili ya kikohozi kile, shangazi alikuwa ameleta mashine mpya.

Ilikuwa sanduku la chuma kinachong'aa, lenye beseni ndani, kikapu cha waya, na vitufe viwili: kimoja cha joto, kingine cha dakika.

"Inaosha kwa mawimbi ya sauti," shangazi alieleza. "Sauti nyembamba mno, sikio halishiki. Inatengeneza vipovu vidogo ndani ya maji, vinapasuka juu ya chuma na kubandua uchafu."

"Inaosha kwa sauti?" Babu Brashi aliuliza. "Basi kumbe miaka yote hii ningeziimbia tu hizi gia, nisichoke na brashi!"

Siku ya kwanza mashine iliwaaibisha. Shangazi alichukua gia iliyojaa grisi, akaitumbukiza kwenye maji baridi yenye sabuni ya kufulia, akabonyeza kitufe. Mashine ikavuma kama nyuki ndani ya kopo. Baada ya robo saa maji yalikuwa meusi tititi, na gia imetoka na grisi yake vilevile.

"Imeimba vizuri," alisema Babu Brashi, "ila haijaosha."

Hata Spana alicheka siku hiyo, kidogo tu. Shangazi hakukata tamaa. Alikaa na kijitabu cha maelekezo ya mashine jioni nzima, na kesho yake akaandika kwa chaki ukutani: grisi nene ikwanguliwe kwanza kwa mkono, maji yawe ya moto, lakini yasichemke, itumike sabuni maalumu ya kuondoa mafuta, vipande vikae ndani ya kikapu, visiguse sakafu ya beseni, petroli isitiwe kamwe, maana inaweza kulipuka; vipande vikitoka, visuuzwe, vikaushwe na kupakwa mafuta mepesi visije vikashika kutu.

Safari hii waliifuata chaki. Gia ileile ilipotulia ndani ya kikapu, weusi kama moshi ulianza kutoka kwenye vitundu vyake, ukitambaa ndani ya maji. Babu Brashi aliinama hadi pua ikakaribia kulowa.

"Lo! Hata kwenye tundu ambalo unywele wa brashi hauingii!" Kisha akajinyoosha. "Haya mwanangu, mimi nikalale sasa."

"Ukalale wapi?" shangazi alisema. "Nani atakwangua? Nani atahesabu? Mashine haina macho, mzee wangu."

Spana aliitazama ile gia. Ilikuwa imeng'aa kama haijawahi kushikwa na mtu yeyote.

Wiki hiyo muuguzi wa zahanati alikuja, mama mnene mwenye sauti ya taratibu. Hakulalamika. Alisema tu kwamba wanabeba maji kwa ndoo kutoka kwenye kisima, hata ya kuogeshea watoto wachanga, na kwamba mwenzake mmoja ameteguka mgongo. Aliuliza kama kuna tumaini. Shangazi aligeuka kutazama meza ya nyuma.

"Kesho tutafunua ile shuka," alisema.

Siku iliyofuata Babu Brashi alihesabu vipande kwa sauti na Spana akaandika kwenye daftari. Vilikuwa thelathini na kimoja. Walichora mfuatano wake, kisha wakaanza kukwangua grisi kwa vijiti bapa, wakidondosha weusi kwenye kopo la maji. Walikuwa wanakaribia mwisho Babu Brashi alipotoka nje kumwaga maji machafu kwenye shimo la taka. Spana alishika kifuniko cha beringi, duara la chuma lenye ukubwa wa kiganja chake. Kilikuwa cha mwisho kwenye shuka.

Juu ya grisi kulikuwa na alama ya kidole gumba.

Mistari yake yote ilionekana, na katikati palikuwa na mstari mmoja uliokata mingine kwa mshazari. Spana aliujua. Baba alikuwa na kovu pale. Spana alipokuwa mdogo alizoea kulipitisha kovu lile kwenye shavu lake, kwa sababu lilikuwa laini kuliko ngozi nyingine ya mkono wa baba.

Alikiangalia kijiti kilichokuwa mkononi mwake. Akaiangalia mashine, ile inayotoa uchafu hata kwenye matundu yasiyofikika. Kisha akachana karatasi katikati ya daftari, akakifunga kifuniko, akakisukuma ndani kabisa ya mfuko wa shule.

Vipande vilipotoka kuoshwa, vilikuwa thelathini.

"Hesabu tena," shangazi alisema. Wakahesabu tena. Shangazi akamwaga maji ya mashine kupitia kitambaa, akachungulia chini ya meza, akatikisa shuka. "Babu, una hakika vilikuwa thelathini na kimoja?"

"Nilihesabu mimi mwenyewe. Mjukuu wangu aliandika."

"Spana, ulikiona kifuniko cha beringi?"

"Sikukiona, shangazi."

Babu Brashi alimtazama, kisha akatazama mlangoni. Uso wake ulibadilika polepole. "Nilimwaga maji," alisema. "Huenda kilikuwa ndani ya kopo. Huenda nimekimwaga nayo."

Akaenda kwenye shimo la taka, akapiga magoti, akaanza kuchimbua tope la mafuta kwa mikono yake iliyopasuka. Alichimbua mpaka jua likatua. Spana alikaa juu ya kreti, kitabu cha hesabu kimefunguliwa mbele yake, na hakusoma hata tarakimu moja. Maneno yalikuwa yamemfika kooni, lakini kila alipotaka kuyatoa aliiona gia ile iliyong'aa.

Kifuniko kingine kama kile hakikupatikana madukani, pampu ilikuwa ya zamani mno. Mchongaji wa vyuma alisema atahitaji wiki mbili. Shangazi alikwenda mwenyewe kumwambia muuguzi, na aliporudi hakula.

"Mzee wangu," alimwambia Babu Brashi kwa upole, "pumzika kwanza nyumbani. Siku chache tu. Umechoka, na macho yamechoka."

Babu Brashi hakubisha. Hilo ndilo lililomuumiza Spana kuliko yote. Mzee alitundika aproni yake msumarini, akasema, "Ni kweli mwanangu, akili imeanza kuvuja," akaondoka bila kutoa mzaha wowote.

Siku tatu zilipita. Kila asubuhi kabla ya shule Spana alivuta mfuko kutoka chini ya kitanda na kufungua karatasi. Siku ya tatu, karatasi ilikuwa imegandana na grisi. Alipoibandua, ukingo mmoja wa alama ulitoka nayo. Alikaa sakafuni akitazama mistari michache ya kidole cha baba yake, imebaki kwenye karatasi ya hesabu kama doa la kawaida.

Baada ya masomo hakwenda karakana. Alikwenda nyumbani kwa Babu Brashi, chumba kimoja chenye dirisha la mbao. Mlango ulikuwa wazi. Mzee alikuwa amekaa mbele ya meza ndogo, na juu ya meza kulikuwa na vifungo vya mashati na vizibo vya chupa. Alivihesabu kwa kidole, akavifunika kwa bakuli, akafumba macho, midomo ikisogea. Kisha akafunua na kuhesabu tena.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu." Aliona aibu kidogo, akacheka. "Usinishangae. Najipima. Jana nilipatia mara nane kati ya kumi. Mke wangu marehemu alianza hivihivi, unajua, kwa kusahau vitu vidogo. Mwisho akawa ananiuliza mimi ni nani."

Spana alisimama pale na mfuko wake mgongoni. Hakuweza hata kuketi.

"Babu, si wewe," alisema. "Ni mimi. Kifuniko ninacho mimi."

Akakitoa, akakiweka mezani katikati ya vifungo. Babu Brashi alikitazama bila kukigusa.

"Kumbe nilihesabu sawa," alisema mwishowe. "Thelathini na kimoja."

"Ndiyo, babu."

"Kumbe mimi ni mzima!" Akafunika uso kwa mikono, na Spana hakujua kama analia au anacheka. Lakini alipoondoa mikono alikuwa na hasira, hasira ambayo Spana hakuwahi kuiona kwa mzee yule. "Siku tatu, mtoto wewe! Siku tatu nakaa hapa naogopa kulala, nadhani nitaamka sijui jina langu. Na wewe ulikuwa unajua!"

"Nisamehe, babu. Kuna kidole cha baba."

"Kuna nini?"

Spana alimwonyesha. Mzee akakisogeza kifuniko karibu na dirisha. Alipoiona alama, na kovu katikati yake, mabega yake yalishuka.

"Twende kwa shangazi yako," alisema. "Utamwambia mwenyewe. Mimi sitakusemea, wala sitakusema."

Shangazi alisikiliza akiwa amesimama, tambara mkononi. Spana alieleza yote, hakuruka hata lile la kukaa kwenye kreti na kumwangalia mzee akichimbua tope. Shangazi alikipokea kifuniko, akakiinamisha kwenye mwanga.

"Hili kovu nilimtia mimi," alisema kwa sauti ndogo. "Tulikuwa tunagombania kisu cha jikoni. Tulimwambia mama kwamba amejikata na bati, na akapigwa kwa kosa la kuchezea bati. Mimi nikanyamaza." Akakigeuza kifuniko mkononi. "Hakuwahi kunisema."

Kisha akamgeukia Babu Brashi, akapiga goti kidogo kama binti mbele ya baba yake. "Nisamehe, mzee wangu. Nilikuwa mwepesi kuamini kwamba ni uzee wako."

"Mimi mwenyewe niliamini," Babu Brashi alijibu. "Inuka, mwanangu."

Spana aliomba wapige picha ile alama kwa simu. Shangazi alijaribu mara nne. Picha zote zilionyesha weusi na mng'ao wa taa, basi. Akaiweka simu chini.

"Zahanati wanasubiri," alisema.

Spana alitikisa kichwa kukubali. Alikuwa amejiandaa kukitia kifuniko kwenye kikapu, kubonyeza kitufe na kufumba macho mpaka mwisho. Alinyoosha mkono kuelekea kwenye mashine, lakini shangazi akamzuia na kumwonyesha ukuta wenye chaki.

"Haiwezi, Spana. Ukikiweka hivi kitatoka na grisi yake, kama ile gia ya siku ya kwanza. Vipovu vile vinafanya kazi kwenye uchafu mwembamba na mahali mkono usipofika. Hii nene lazima itolewe na mtu." Alisita. "Niitoe mimi?"

"Hapana," Spana alisema. "Nitatoa mimi."

Babu Brashi alikishika kifuniko kwa mikono miwili kisicheze. "Nimekushikia," alisema. "Usiwe na haraka."

Spana alianza pembeni. Grisi ilijikunja mbele ya kijiti kama ganda la ndizi. Alipofika kwenye alama alisimama, akavuta pumzi, akapitisha kijiti mara moja, moja kwa moja. Kilichobaki kilikuwa utando mweusi tu juu ya chuma. Machozi yalimdondoka mikononi mwa mzee, na mzee hakuyafuta.

Kifuniko kilikaa kwenye mashine dakika kumi. Wote watatu walisimama wakiisikiliza ikivuma. Kilipotoka, Spana alikisuuza, akakikausha, akakipaka mafuta mepesi. Mifereji midogo ya ndani, ile ambayo hakuna kijiti kinachoingia, ilikuwa safi kabisa. Mashine ilikuwa imefanya kazi yake.

Jumamosi asubuhi walifunga pampu zahanati. Shangazi aliunganisha bomba, Babu Brashi akavuta kamba ya injini. Mara ya tatu ikashika. Bomba lilikohoa, likatema maji yenye kutu, kisha yakaanza kutoka meupe, na juu ya mnara tangi likasikika likipokea. Muuguzi alikinga mikono chini ya bomba la uani, akanawa uso mzima, akasimama pale na maji yanamtiririka kidevuni. Ndani, mama mmoja aliita mwenzake kwamba maji yamerudi.

Spana aliketi kwenye ngazi. Shangazi akaja kuketi kando yake.

"Sikiliza," alisema. "Kumlilia baba yako si kosa. Kutaka kubaki na kitu chake si kosa pia. Ungeniambia siku ile, ningesimamisha kazi, tukalia wote, tukaosha kesho yake. Kosa ni kusema hukukiona. Kuanzia hapo, uongo wako ulikuwa kwako mfuko mdogo chini ya kitanda, lakini kwa yule mzee ulikuwa mzigo wa kumtoa akili. Ulikuwa unailinda alama ya mtu aliyekufa huku unamvunja aliye hai. Umenielewa?"

"Nimeelewa, shangazi."

"Na umesema mwenyewe, kwa miguu yako mwenyewe. Hilo nalo nimeliona. Mimi nilipokuwa na umri wako sikuweza."

Spana akauliza kile alichokuwa anakiogopa tangu siku ya mazishi. "Shangazi, nikimsahau?"

Babu Brashi, aliyekuwa anakusanya spana, ndiye aliyejibu. "Utasahau baadhi, mjukuu wangu. Mimi sauti ya mama yangu siikumbuki tena. Inauma. Sitakudanganya." Akafunga kisanduku. "Lakini baba yako alikuwa na watu wengi. Unajua pampu yake ya kwanza kuifunga?"

"Sijui."

"Hakuwa hata na ndevu. Aliunganisha mabomba kinyumenyume. Injini inanguruma, maji hayaji. Wenye pampu wanamtazama. Akawaambia kwamba maji ya kisima yamelala, wayasubiri!"

"Yamelala!" shangazi alisema, akacheka huku akijifuta macho. "Na kesho yake akarudi kuwaambia ukweli kwamba alikosea."

"Kesho yake wapi? Alirudi saa ileile. Alifika njiani, akageuka mbio."

"Kesho yake, mzee wangu. Tulikuwa tunalala chumba kimoja, alijigeuza usiku kucha."

"Nilikuwepo mimi, nilibeba mabomba!"

Waliinuka, wakaanza kutembea kurudi karakana, bado wanabishana. Spana alichukua upande mmoja wa kisanduku na Babu Brashi upande mwingine. Hakuwa amewahi kukisikia kisa hiki. Baba yake alikuwa amekufa karibu wiki saba zilizopita, na leo asubuhi alikuwa amejua jambo jipya juu yake.

"Babu," alisema, "alivaa nini siku hiyo?"

"Kaptula," alisema Babu Brashi.

"Suruali," alisema shangazi.

Spana akatembea katikati yao, akisikiliza.